Ukimya Nilioukata

12 Novemba

Kosa ambalo watu wengi wa huku kwetu hufanya kwenye video zao ni kuacha kila kitu. Harusi ya saa tatu, video ya saa tatu. Mtu anatafuta kiti, tunamtazama akitafuta kiti. Mpishi anafunua sufuria, mvuke unajaa, hatuoni chochote, na bado tunatazama. Maisha yangu yote ya ualimu niliwaambia wanafunzi kwamba insha nzuri ni ile iliyofutwa sana. Naona video nayo ni insha.

Wilbard, mwanangu, alipohamia Geita kwenye kazi za mgodi, aliniachia kompyuta yake ya mezani. Ni ya zamani. Feni yake inalia kama mashine ya kusaga, na kuiwasha kunatosha kuchemsha chai na kuinywa. Lakini inafanya kazi, nami nimestaafu, na wanawake wenzangu wa jumuiya ya kanisa wameniomba nikishajua kuhariri video niwafundishe. Kwa hiyo nitaandika kila hatua humu, ili atakayenifuata asipate tabu niliyoipata mimi.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jioni. Ushirombo yote inanuka udongo.

14 Novemba

Umeme hakuna.

17 Novemba

Somo la kwanza. Programu ya kuhariri ina sehemu tatu. Kuna sanduku la vipande, ambamo unaweka video ulizozitoa kwenye simu. Kuna mstari wa muda, ambapo unavipanga vipande hivyo, kimoja baada ya kingine, na kuvikata kwa alama ya mkasi. Na kuna kidirisha cha kutazamia, kinachokuonyesha ulichokipanga.

Kwenye kompyuta kuukuu kidirisha hicho hukwama. Picha inasimama, sauti inaendelea, kisha picha inaruka mbele kuifuata. Nilihangaika nacho siku nzima kabla sijaelewa kwamba si kosa langu. Mashine haina nguvu ya kuonyesha na kufikiri kwa pamoja. Nawashauri wenzangu wasijisumbue nacho. Kikikwama, endelea. Video yenyewe ikitoka itakuwa nzima.

Nimempigia Wilbard kumweleza nilipofika.

"Mama, hiyo mashine ilinishinda hata mimi," akasema. "Inataka kuzikwa."

"Nimefundisha watoto walioambiwa hivyo hivyo. Wewe ukiwa mmojawapo."

24 Novemba

Mzee Ngusa, jirani yangu, amekuja asubuhi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nikampa shikamoo, akaitikia, akabaki amesimama barazani akiisikiliza feni.

"Nasikia una mashine ya kutengeneza sinema, Mwalimu."

"Video, Mzee."

"Hiyohiyo."

Nieleze habari yake, maana msomaji anaweza kuwa si wa hapa. Binti yake wa mwisho, Suzana, aliondoka nyumbani bila kuaga akaenda Shinyanga kuishi na Nassibu, kijana wa Kiislamu anayeuza vitambaa sokoni. Tangu siku ile Ngusa hakulitaja jina la binti yake. Mkewe, Rebeka, ndiye aliyekuwa akienda kumwona, akisema anakwenda hospitali, na mzee akijifanya anaamini. Rebeka alifariki mwaka jana. Sasa Nassibu ametuma watu: anaomba kuja na mama yake na Suzana, waombe radhi. Suzana ana mimba ya kwanza.

"Nimesema waje," Ngusa akaniambia. "Ndugu zangu wa Mwadui na wa Geita wote walisikia alivyoondoka. Nataka waone alivyorudi. Utatupiga video wewe, maana wewe ni mtu wa mpangilio."

Nimekubali. Kusema kweli sikumwona kama mtu aliyesamehe. Nilimwona mgumu aliyechoka kuwa mgumu. Niliyaandika hayo leo mchana na sasa jioni sitayafuta.

1 Desemba

Wamekuja. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi, tukakaa wote sebuleni kwa Ngusa, nami nimejibanza pembeni ya kabati na simu yangu.

Aliingia kwanza Zuleha, mama yake Nassibu, mwanamke mrefu wa mjini, khanga haina hata tone la tope. Sijui alipita wapi. Nyuma yake Suzana, tumbo mbele. Mwisho Nassibu, shati jeupe, viatu ameviacha nje. Akaenda moja kwa moja mbele ya kiti cha mzee, akachuchumaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

Ngusa hakujibu. Tulisikia bati. Kuku akaingia, akazunguka miguu ya meza, akatoka. Zuleha alimshika Suzana mkono. Mzee hakuwa hata anamtazama kijana; alikuwa ameelekeza uso kwenye mlango wa uani, ule wa kwenda jikoni, na midomo yake imefumba. Nikahamishia simu mkono wa pili. Nilidhani mambo yameharibika.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu."

Suzana akalia. Baada ya hapo mzee akamgeukia Zuleha, akamuuliza habari za safari, na nyumba nzima ikapumua. Tukala. Wakakubaliana kwamba Suzana atakuja kabla ya Krismasi, ajifungulie kwao, shangazi yake amwangalie, kama inavyofanywa kwa mtoto wa kwanza.

"Basi nakuazima mkwe wangu, Mzee," Zuleha akasema. "Nitakuja kumchukua pamoja na mjukuu wangu."

"Mjukuu wetu."

"Haya, wetu. Akilia wako, akicheka wangu."

Hata Ngusa alicheka. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka tangu Rebeka aondoke.

5 Desemba

Nimeanza kukata. Somo: tafuta mahali ambapo hakuna kinachotokea, weka mkasi mwanzo, weka mkasi mwisho, futa katikati, usogeze vipande vikutane. Nimeondoa watu wanaofuta miguu mlangoni. Nimeondoa sala ya chakula, ambayo ilirudiwa. Nimeondoa kuku.

Nimeondoa pia ule ukimya wa mzee. Niliufikiria kidogo kabla sijaukata. Ulimwonyesha kama mtu anayelazimishwa, na ndugu wa Mwadui wangemcheka. Nimemfichia aibu. Sauti ya bati ilifunika maneno yake, na picha kwenye mashine hii hubaki nyuma ya sauti, kwa hiyo ilinibidi nikisie pa kuweka mkasi wa pili. Nilicheza kipande hicho kuhakikisha. Kidirisha kikakwama, kama kawaida, kikaruka, nikasikia vizuri kabisa, "Marahaba, mwanangu." Nikaendelea.

7 Desemba

Radi kubwa. Nimechomoa kila waya, nimekaa na kusuka mkeka.

9 Desemba

Video imetoka. Kutoa video maana yake ni kuiambia programu ivichome vipande vyote pamoja viwe faili moja. Jana ilinikatalia: diski imejaa. Simu nayo ilijaa siku nilipohamishia video kwenye kompyuta, nikawa nimezifuta kule. Basi nikafuta mafaili ya zamani ya Wilbard, nafasi ikatosha kwa shida, na ilipokwisha nikafuta na video za asili. Nyumba ikishasimama, mbao za jukwaa ni za nini? Nikamwaga na pipa la taka la kompyuta.

Kupandisha YouTube ni kazi ya alfajiri, mtandao ukiwa haujaelemewa. Unaiunganisha kompyuta na intaneti ya simu, unachagua faili, unaandika kichwa, unasubiri. Ilifika nusu ikasimama, nikaanza upya. Kufikia misa ya pili ilikuwa imepanda.

Nimejisikia kama siku matokeo ya wanafunzi wangu yanapotoka mazuri.

13 Desemba

Watazamaji wamefika mia tatu. Video yangu ya kwaya ya Pasaka, tangu Pasaka, ina arobaini.

15 Desemba

Wamepita elfu mbili. Watu wanaandika chini yake, wengine wanaweka nyuso za kucheka. Mmoja ameandika, "Huyu mzee si mchezo." Nimemjibu kila mmoja: "Asante, karibu tena kwenye ukurasa wetu." Inaonekana watu walikuwa na kiu ya video fupi, zenye mpangilio.

16 Desemba

Wanawake wa jumuiya wamekuja kwa somo. Nimewafundisha kukata ukimya. Nimetumia video ya Mzee Ngusa kama mfano.

20 Desemba

Wilbard amepiga simu mchana, wakati wa kazi, jambo ambalo hafanyi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Umeona ulivyoniitikia?"

"Nimekuitikia kama siku zote."

"Basi ifungue ile video yako. Kwenye simu, siyo kwenye ile mashine. Nakusubiri."

Nikaifungua. Kwenye simu haikwami. Nassibu anachuchumaa, anainamisha kichwa. "Shikamoo baba." Na papo hapo, bila hata pumzi, Mzee Ngusa anamgeukia Zuleha: "Habari za safari?" Kijana anabaki chini, kichwa kimeinama. Binti pembeni analia. Mtu yeyote ambaye hakuwepo ataona baba mkwe amemnyima mkwewe marahaba mbele ya mama yake, na mke wake akalia kwa aibu.

Niliirudia. Nilikuwa natafuta lile neno nililolisikia kwenye kidirisha. Halikuwepo. Sikuwa nimelisikia kwenye kidirisha. Nililisikia kwa sababu nilikuwepo.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Huku mgodini kipande hicho kipo kwenye simu za watu. Mtu ukimsalimia akachelewa kujibu, anaambiwa, 'Usinifanyie Ushirombo.' Mimi nilicheka wiki nzima kabla sijajua ni kazi yako."

Zile nyuso za kucheka. Nilizijibu moja moja, asante, karibu tena.

21 Desemba

Nieleze nilivyofanya jana, kwa sababu mwingine atafanya hivyo hivyo. Kwa haraka ya aibu nilifuta video kwenye kompyuta nikaamini nimeifuta duniani. Asubuhi bado ilikuwa YouTube, imeongezeka watazamaji. Kilichopanda ni nakala, na nakala hufutiwa kule kule ilikopanda. Nimeifuta kule. Haikusaidia: kipande kilikuwa kimeshapakuliwa, kinatembea WhatsApp bila jina langu.

Kisha nikafungua kazi niliyohariri, niurudishe ukimya mahali pake. Badala ya picha, kila kipande kimekuwa cheusi chenye alama ya kuuliza. Programu haikuwahi kumeza video zangu. Ilikuwa inakumbuka tu mahali zilipo na mahali nilipoweka mkasi. Video za asili nilizifuta mwenyewe. Marahaba ya Mzee Ngusa haipo popote.

24 Desemba

Suzana hajaja. Mzee ameweka kiti chake upande wa barabarani tangu asubuhi, na basi la Shinyanga likipita anainua kichwa. Hamuulizi mtu. Simu yake ni ya kitochi, hajaona chochote, na hapa mtaani hakuna aliyepata ujasiri wa kumwonyesha.

Mchana Suzana amenipigia.

"Mwalimu, shikamoo. Mama mkwe amenizuia. Anasema mlituitikia ndani, mkatunyamazia mbele ya watu. Nassibu sokoni wanamwita Bila Marahaba. Anacheka nao, akirudi nyumbani hali."

"Suzana, ni mashine," nikasema. "Mashine yenyewe ni ya zamani, inakwama."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema, mbona haikukwama mzee alipomuuliza yeye habari za safari?"

Nimeisingizia kompyuta. Sikukata kwa sababu imekwama. Nilikata kwa sababu niliamua mimi nini cha mzee kionekane na nini kisionekane, kisha sikukaa kukitazama.

25 Desemba

Krismasi. Nimekwenda misani kwa njia ya nyuma, nisipite mbele ya kiti cha mzee.

2 Januari

Njia ya nyuma imejaa maji. Nimepita hivyo hivyo.

9 Januari

Suzana amejifungua Shinyanga, mtoto wa kike. Shangazi ndiye aliyepigiwa simu. Anasema alipompa mzee habari, alishukuru, akauliza kama mtoto ana nywele. Hakuuliza kwa nini hakuzaliwa kwao. Shangazi anasema Zuleha ametoa neno: mtoto hatakanyaga nyumba isiyomwitikia baba yake.

Mvua haikati. Mahindi ya watu yanageuka njano kwa maji.

17 Januari

Alikuja yeye. Nilisikia fimbo barazani nikadhani ni jogoo wa jirani anayekwaruza, nikatoka na ufagio.

"Nikimbie?" Mzee Ngusa akauliza.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mwalimu, siku hizi unakwenda kanisani kwa mtumbwi? Nakuona unavyozunguka bwawani."

Nikamkaribisha. Hakukaa.

"Nionyeshe hiyo video mnayonificha," akasema.

Nilikuwa na kipande kwenye simu, Wilbard alinitumia. Nikamshikia karibu na uso. Akakitazama, akaniashiria nirudie. Akakitazama tena.

"Huyu mzee hana adabu," akasema.

"Si wewe, Mzee. Ni mimi. Uliitika, mimi nikakata. Ulikaa kimya sana kabla hujaitika, nikaona watu watakucheka, watasema umelazimishwa. Nikauondoa ule ukimya, na marahaba ikaondoka nao. Halafu nikafuta ya asili. Haipo tena."

Hapo ndipo alipokaa. Aliweka fimbo katikati ya magoti.

"Rebeka alikuwa anaitika kwanza," akasema. "Mtoto akisalimia pale kwetu, yeye anaitika akiwa jikoni, kwa sauti yake ile, 'Marahaba, mayu,' ndipo mimi naitika. Miaka yote. Hata wewe ulimsikia."

Nilimsikia, hata hilo 'mayu', mama kwa Kisukuma. Nimekuwa jirani yao tangu nije kufundisha hapa. Ukipiga hodi, sauti ya kwanza ilitoka jikoni, ya pili kwenye kiti.

"Siku ile nilimwachia nafasi yake. Alimpenda yule kijana kabla yangu. Nikaona nisimtangulie."

Nilikuwa nimefuta sauti ya mzee, hilo nilikuwa nimekwisha kulikubali. Sikujua kwamba nilipoweka mkasi wa kwanza pale, na wa pili pale, nilikuwa nimemtoa marehemu nyumbani kwake. Nami ndiye niliyekuwa nikimsikia. Kati ya watu wote waliokuwa sebuleni, ni mimi peke yangu, mbali na mzee na binti yake, niliyepaswa kujua ule mlango wa uani ulikuwa unatazamwa kwa nini.

"Nitakwenda Shinyanga," akasema. "Mjukuu wangu ana nywele, wanasema."

"Niache nitangulie. Kosa ni langu."

"Tangulia. Lakini ukifika usiwaeleze mambo ya mashine. Wewe unaeleza sana."

26 Januari

Shinyanga. Nyumbani kwa Zuleha nimemkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nikabisha hodi mara tatu. Nikaingia, nikamsalimia. Akaendelea na mchele. Nikamsalimia tena.

"Nimeshaitika, Mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Labda kuna mtu amekata."

Nilistahili. Nikakaa juu ya kibao bila kukaribishwa, nikasema yote, kwa ufupi, bila mashine. Kwamba mzee aliitika; yeye mwenyewe Zuleha alisikia. Kwamba mkono uliokata ni wangu, na ukoo wa Ngusa haukuiona video kabla haijapanda. Kwamba sikumwonyesha mtu hata mmoja. Kisha nikamweleza habari ya Rebeka na sauti ya jikoni.

Ungo ukasimama.

"Alikuwa anakuja hapa," Zuleha akasema. "Mkoba wake umejaa karanga. Anasema yuko hospitali." Akatikisa kichwa. "Nassibu alikuwa anamwita mgonjwa wetu."

"Mzee anataka kuja."

"Baba mkwe aje kwa mkwewe?"

"Ndivyo alivyosema."

Akatoa punje ya mchele, akaitupa. "Mwanangu ameaibishwa mbele ya watu wote, Mwalimu. Siwezi kuifuta hiyo kwa kukaa sisi wenyewe uani. Mzee akija, upige video tena. Na safari hii nikikuona na mkasi, nitakukata wewe."

3 Februari

Mzee ana homa. Safari imeahirishwa. Nimempelekea uji kwa njia ya mbele.

8 Februari

Bado. Mvua imepungua.

14 Februari

Tulipanda basi la asubuhi, yeye dirishani, koti la harusi yake mwilini. Njia nzima alizungumza pamba tu: nani kapanda mapema, nani atajuta. Tulipoingia Shinyanga akanyamaza, akajifuta viatu kwa leso.

Nassibu alikuwa mlangoni. Nimeianza video kabla hatujashuka bajaji na sikuizima. Ndani yake mna bajaji inayotaka kupinduka wakati wa kugeuza, mna jirani anayepita na ndoo na kusimama kututazama, mna mimi nikijikwaa. Mzee alikalishwa kwenye kiti cha plastiki uani. Kijana akachuchumaa.

"Shikamoo baba."

Ngusa akageuza uso kuelekea mlango wa jikoni. Sote tulingoja. Pikipiki ikapita nje. Zuleha, ambaye siku ya kwanza alimshika Suzana mkono kwa hofu, sasa aliinamisha kichwa, kama mtu aliye kwenye sala ya wengine. Mlangoni pa jikoni alikuwa amesimama Suzana na mtoto begani. Naye alijua baba yake anamngoja nani. Hakuitika kwa niaba ya mama yake. Aliacha nafasi ikae.

"Marahaba, mwanangu," Ngusa akasema. Safari hii kwa sauti. "Ile ya kwanza niliitika pia."

"Nilisikia, baba," Nassibu akasema. "Nilikuwepo."

"Basi mbona hukuja?"

"Nikaacha kukusikia wewe, nikawasikia wale ambao hawakuwepo."

Mzee akapokea mtoto. Akaondoa kitambaa kichwani, akahakiki nywele, akaridhika. "Wabeja," akamwambia Zuleha, kisha akakumbuka yuko kwa nani: "Ahsante, mama."

Kabla ya kuondoka niliwaomba kitu kimoja: tuitazame wote. Tukaegemeza simu kwenye birika, vichwa vitano vikasongamana, tukaitazama yote, pamoja na kujikwaa kwangu, ambako Nassibu aliomba kurudiwe.

"Hapo nimekaa vibaya," Zuleha akasema. "Kata."

Nikamtazama.

"Natania, Mwalimu. Usiguse."

19 Februari

Nimeipandisha ilivyo. Sikuifungua hata kwenye programu. Nakala moja imo kwenye flashi, flashi imo kwenye kabati la mzee. Chini ya video nimeandika kwamba video ya kwanza ilikatwa na mimi, jina langu, na kwamba mzee aliitika.

Kufikia jioni wameitazama watu thelathini na wachache. Ile ya aibu ilitazamwa na maelfu na bado inatembea. Wilbard anasema huko kwao "Usinifanyie Ushirombo" imeshakuwa msemo. Wanaoutumia hawajui ulitoka wapi. Sitaweza kuurudisha. Nikiusikia njiani, na nimeshausikia mara mbili, uso unaniwaka, na nadhani utaendelea kuniwaka.

Lakini Suzana alikuja jana na mtoto, atakaa mpaka mavuno. Leo asubuhi nilipiga hodi kwa mzee, kwa njia ya mbele. Nikasalimia, nikanyamaza, nikangoja. Kiti hakikuniharakisha.

Wanawake wa jumuiya wanarudi kesho. Nitaanza kwa kuwaambia kwamba somo la kwanza nililowapa lilikuwa baya, na wakiniuliza kwa nini, nitawaeleza, hata kama naeleza sana. Kwa atakayesoma humu bila kuja darasani, namwachia kazi moja tu. Leo, kabla hujapandisha video yoyote, mwite mmoja wa walioonekana ndani yake, keti naye, muitazame yote mpaka mwisho.